Kakao, mchele na mpaka wa Kasumulu: bei ya chakula hufikaje Ikombe?

Msikilizaji wetu mmoja wa Ikombe alituma ujumbe kwenye kipindi cha asubuhi. Alitaka kujua jambo moja: kama kakao inaweza kupanda bei mara nne na kisha kuporomoka ndani ya muda mfupi, mbona mchele na unga havifuati njia hiyohiyo? Yeye mwenyewe hana shamba la kakao. Anavua, mama watoto anafinyanga vyungu, na chakula kingi cha nyumbani kwao kinanunuliwa. Anasikia ndugu zake wa Kyela wakisema pesa imekauka, na kwa hesabu yake pesa ikikauka mtaani, bei za vitu nazo zingeshuka.

Hewani tulikuwa na dakika nne za kumjibu baba huyu, na hazikutosha. Swali lake linagusa kakao inayoishia Ulaya, mahindi yanayovuka kwenda Zambia, ndizi zilizozua mgogoro mpakani mwaka 2025, hata ndoo ya plastiki inayouzwa gulioni. Ndiyo maana tunaliandika hapa, mahali ambapo hakuna anayetukata kwa ajili ya taarifa ya habari.

Ikombe na bonde lake

Kwa asiyepajua, Ikombe ni kata ya Wilaya ya Kyela iliyobanwa kati ya Milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa. Mlima unashuka karibu hadi majini, na ardhi tambarare ya kulima ni vipande vipande. Kutoka Matema unafika kwa mtumbwi au boti, au kwa miguu ukifuata ukingo. Ndiyo sababu Wakisi wa mwambao huu wamekuwa wafinyanzi na wavuvi kwa vizazi vingi. Wanawake wanafinyanga, vyungu vinapangwa kwenye mitumbwi na kupelekwa gulioni Lyulilo, jirani na Matema, na kwingine kandokando ya ziwa. Zamani vilibadilishwa moja kwa moja kwa nafaka. Kwa maneno mengine, udongo wa mfinyanzi ndio uliokuwa shamba la watu hawa.

Ukivuka kwenda bondeni hali ni nyingine kabisa. Bonde la Kyela linapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu kubwa ya nchi inakisikia redioni tu. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufirio inashusha udongo kutoka milimani. Huko kuna mpunga, kakao, michikichi, migomba na michungwa. Kwa hiyo ndani ya wilaya moja tuna watu wanaouza chakula na watu wanaokinunua, na wote wamo katika soko la dunia, kila mmoja kwa mlango wake.

Tukisema "soko la dunia" wengi wanafikiria mafuta, simu na magari. Lakini kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kilimo, misitu na uvuvi vinabeba karibu mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne duniani. Halafu angalia upande wa pili: mchango wa sekta hiyo katika pato la dunia ni asilimia 4 hivi. Kwetu Tanzania ni karibu robo ya pato la taifa, na zaidi ya nusu ya watu wanaofanya kazi wako humo. Inakuwaje kazi inayolisha kila mtu ihesabiwe kuwa ndogo hivyo?

Jibu liko kwenye namna ya kuhesabu. Pato linahesabiwa kwa thamani inayoongezwa katika kila hatua. Kilo ya kakao ikitoka shambani Kyela, kinachoandikwa kwenye kilimo ni bei ya hapa tu. Ikishasafirishwa, ikakaangwa, ikasagwa, ikachanganywa na sukari na maziwa, ikafungwa kwenye karatasi inayong'aa na kutangazwa kwenye televisheni, sehemu kubwa ya fedha anayolipa mnunuzi wa chokoleti inaandikwa kwenye viwanda, meli, bima, benki, matangazo na maduka. Sehemu inayomrudia mkulima hutajwa mara nyingi kuwa chini ya asilimia 10. Tumezoea kusema kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, na mimi sipingi. Ila uti wa mgongo, pamoja na kubeba mwili mzima, hauonekani kwenye picha.

Kakao: bei inayotoka mbali

Bei ya kakao duniani inapatikana kwenye masoko mawili, London na New York. Usifikirie magunia. Kinachouzwa pale ni mikataba, kila mmoja wa tani 10, ya kakao itakayopokelewa miezi ijayo. Viwanda vinanunua ili vijihakikishie bei mapema, wenye kakao wanauza kwa sababu hiyohiyo, na katikati yao wapo wenye fedha ambao hawatagusa punje moja maisha yao yote. Hao wanabashiri tu kama bei itapanda au itashuka. Bei inayotokana na mvutano huo ndiyo inayotazamwa na wanunuzi wote, pamoja na wale wanaoweka zabuni kwenye mnada wa Kyela.

Dunia inazalisha kati ya tani milioni 4 na milioni 5 za kakao kwa mwaka. Zaidi ya nusu inatoka Ivory Coast na Ghana. Tanzania nzima, ambayo sehemu kubwa ya kakao yake ni ya Kyela, haifikishi hata asilimia moja. Maana yake, Kyela ikipata mavuno mazuri au mabaya, London haina habari. Lakini Ivory Coast wakikosa mvua, Ipinda watajua.

Na walijua. Mwanzoni mwa mwaka 2023 tani moja huko New York ilikuwa dola 2,600 hivi. Kisha Afrika Magharibi ikapigwa na mvua kubwa, ikafuata jua kali. Ugonjwa wa virusi unaovimbisha matawi ya mkakao ukaendelea kuua mashamba, na miti mingi ilikuwa imezeeka kwa sababu wakulima walilipwa kidogo kwa miaka mingi na hawakuwa na fedha ya kupanda mipya. Msimu wa 2023/24 dunia ilipungukiwa karibu tani laki tano. Aprili 2024 bei ikavuka dola 11,000 kwa tani. Desemba 2024 ikavuka dola 12,000, kiwango ambacho soko hilo halikuwahi kukiona. Kyela, kilo ya kakao kavu iliyokuwa ikiuzwa kwa shilingi elfu chache ikapita elfu ishirini.

Baadaye ikashuka. Hali ya hewa ilipopata nafuu, Ecuador ikazidi kuongeza mavuno, na viwanda vikawa vimejifunza kutumia kakao kidogo: chokoleti ikapunguzwa ukubwa, karanga na mafuta mengine yakaongezwa. Kufikia Novemba 2025 bei ya New York ilikuwa chini ya nusu ya kile kilele.

Hapa kuna jambo ambalo wakulima wengi hawajaelezwa vizuri. Ghana na Ivory Coast, mamlaka za serikali ndizo zinazotangaza bei ya mkulima, na sehemu kubwa ya mavuno huuzwa nje mapema, kabla hayajavunwa. Kwa hiyo bei ya dunia ilipofika dola elfu kumi, mkulima wa Ghana hakuiona yote, kwa sababu kakao yake ilikuwa imeshauzwa kwa bei ya zamani. Kwetu kakao inakusanywa kwenye AMCOS, inapimwa, inaingia ghalani kwa mfumo wa stakabadhi, inapigwa mnada, na mkulima analipwa kwa bei iliyopatikana mnadani. Bei ya dunia ikipanda, inamfikia haraka. Ikishuka, inamfikia haraka vilevile. Mkulima wa Ghana ana mwavuli unaomkinga jua na pia unamzuia kupata mvua. Wa Kyela hana mwavuli kabisa. Kwa maoni yangu, jambo la kumweleza mkulima wakati bei iko juu ni hilo, kabla ya kumwambia anunue bati.

Kuna kitu kingine kinachokaa kati ya London na Kyela: dola. Tufanye hesabu ya mfano. Tani ikiwa dola 10,000, kilo ni dola 10. Dola ikiwa shilingi 2,700, kilo hiyo ni shilingi 27,000. Dola ikiwa shilingi 2,400, kilo hiyohiyo ni 24,000. Elfu tatu zimeondoka bila mdudu, bila mvua, bila mnunuzi kubadili nia. Mwishoni mwa mwaka 2024 shilingi yetu iliimarika sana dhidi ya dola. Kwa anayenunua dawa, nguo au vipuri kutoka nje hiyo ilikuwa habari njema. Kwa mwenye kakao ghalani ilikuwa punguzo. Kutoka hapo toa usafiri wa karibu kilomita elfu moja hadi bandari ya Dar es Salaam, toa ushuru wa halmashauri, makato ya ushirika, ghala na magunia, toa faida ya mnunuzi. Kinachobaki ndicho kinachosomwa mnadani.

Mfumo wa ghala una ufa mmoja, nao unaitwa njemke. Mnada una siku zake na malipo yana siku zake, lakini mgonjwa na ada ya shule havina subira. Mtu akibanwa anauza kakao mbichi, haijachachushwa wala kukaushwa, kwa mnunuzi wa mlangoni anayelipa papo hapo kwa bei ya kutupa. Biashara hiyo imepigwa marufuku na bado inazungumzwa kila msimu. Mimi nadhani amri peke yake haitaimaliza, kwa sababu njemke kwa kweli ni mkopo: mkulima anakopa kwa kulipa na kakao yake mwenyewe, kwa riba ambayo benki yoyote ingeona haya kuitangaza. Chama cha msingi kinachoweza kumpa mwanachama wake malipo ya awali siku anapoleta mzigo kinaua njemke kuliko askari wa vizuizini.

Hasara yake ni kubwa kuliko bei. Punje za kakao huchachushwa siku tano hadi saba, zikifunikwa kwa majani ya mgomba au ndani ya masanduku ya mbao, ndipo zianikwe kwa muda wa wiki hivi mpaka zikauke barabara. Ladha ya chokoleti inaanza kutengenezwa pale. Hicho ndicho kiwanda cha kwanza cha kakao, na kipo nyuma ya nyumba ya mkulima. Anayeuza njemke anauza shamba na kiwanda kwa bei ya shamba peke yake.

Kuhusu miche. Wakati bei imepanda, watu wengi walitupigia wakiuliza wapate wapi miche ya kakao, na wengine walisema watang'oa migomba. Mkakao unachukua miaka mitatu hadi mitano kuanza kuzaa. Aliyepanda mwaka 2024 kwa sababu ya bei ya 2024 atavuna mwaka 2027 au 2028, na hatakuwa peke yake, kwa sababu Ecuador, Cameroon na Indonesia nao walisoma bei ileile. Ndivyo mazao ya kudumu yalivyo: bei ya leo inaleta kakao ya baadaye, na kakao hiyo ikija kwa wingi inaiua bei iliyoileta. Wazee wa Rungwe waliolima kahawa hawahitaji kuelezwa hili. Bahati yetu ni kwamba mkakao mchanga unapenda kivuli cha mgomba, na haupendi kusimama majini, hivyo mabonde ya mpunga yamebaki ya mpunga. Kinachogombaniwa zaidi ni migomba, mihogo na nguvu kazi ya nyumbani.

Neno dogo kuhusu Ulaya, kwa kuwa linakuja. Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka 2023 inayotaka kakao, kahawa na mazao mengine machache yanayoingia kwao yaonyeshe hayakutoka kwenye msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja. Lakini itakapoanza, kila shamba litatakiwa kujulikana lilipo kwa vipimo vya setilaiti. Ukimwona kijana wa AMCOS anapita shambani kwako na simu akichukua alama, usimfukuze. Muulize tu takwimu hizo zinahifadhiwa na nani.

Mchele na unga: bei inayotoka karibu

Sasa turudi kwenye unga na mchele, ambavyo ndivyo baba wa Ikombe aliviuliza.

Kakao karibu yote hailiwi pale inapolimwa. Mchele ni kinyume chake: katika mchele wote unaozalishwa duniani, sehemu moja tu kati ya kumi hivi ndiyo inayovuka mpaka wa nchi. Unaobaki unaliwa na jirani wa aliyeulima. Mahindi nayo yana mambo yake. Mahindi yanayotangazwa bei kule Chicago ni ya njano, na mengi yanaishia kwa mifugo na viwandani. Sisi wa Mashariki na Kusini mwa Afrika tunakula meupe, na bei yake inapangwa humuhumu kwetu: Mbeya, Songwe, Rukwa, Ruvuma, na kwa majirani. Muhogo, ambao kwenye mwambao wa Ikombe ndio unaoshikilia nyumba nyingi, hauna mnada London wala New York.

Kwa hiyo kakao ikiporomoka, hakuna kamba inayouvuta unga ushuke nayo. Unga una kamba zake. Mfano mzuri ni mwaka 2024. Ukame ulioletwa na El Niño uliunguza mahindi kusini mwetu. Zambia ikatangaza janga la kitaifa mwishoni mwa Februari 2024, na Malawi ikafuata mwezi Machi. Zambia ikaja kununua, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ukakubaliana kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Mnunuzi mkubwa kama huyo akiingia sokoni, debe la Mbeya linajua. Mwaka uliofuata Zambia ikavuna mahindi mengi kuliko wakati wowote katika historia yake, na mnunuzi akarudi kwao. Hayo yote yalitokea wakati kakao inapanda na kushuka kwa sababu zake za Afrika Magharibi. Ni mito miwili tofauti, ingawa inapita kwenye wilaya moja.

Hata hivyo, ipo sehemu ndogo ambapo inakutana, na hapo baba wa Ikombe ana haki kiasi fulani. Kakao ikilipa, watu wa bondeni wana fedha za kula mchele kila siku, samaki na nyama. Wanaweza kuhifadhi mpunga wao wasubiri bei. Kakao isipolipa, mkulima aliyezoea kuhifadhi analazimika kutoa mpunga mapema. Lakini mchele wa Kyela hauliwi na Wakyela peke yao. Jina lake linauza hadi Dar es Salaam, kiasi kwamba mchele ambao haujawahi kuliona Ziwa Nyasa nao unapewa jina hilo sokoni. Mnunuzi wa Dar es Salaam hajali kama Ipinda imeuza kakao vizuri au vibaya. Akiutaka mchele, anaulipia, na mama wa Ikombe anashindana naye kwa bei ileile.

Aprili 2025, pale Kasumulu

Kama kuna siku ambazo watu wa Kyela waliona uchumi wa dunia kwa macho, basi ni zile za Aprili 2025 pale Kasumulu, kwenye mpaka wa Mto Songwe.

Machi mwaka huo Malawi ilizuia kwa miaka miwili kuingizwa kwa bidhaa kadhaa, zikiwemo unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi, ikisema inawalinda wakulima wake. Zuio lilihusu nchi zote, lakini ndizi na mchele wa Tanzania ndivyo vilivyo karibu. Afrika Kusini nayo ilikuwa imezuia ndizi zetu kwa miaka. Tarehe 23 Aprili 2025 Waziri wa Kilimo wakati huo, Hussein Bashe, akatangaza kwamba Tanzania nayo inazuia mazao ya kilimo kutoka nchi hizo mbili. Siku chache baadaye zuio letu likaondolewa ili mazungumzo yaanze.

Tujiulize kilichotokea pale kiuchumi. Ndizi haiwezi kusubiri mazungumzo. Mkungu uliokatwa Rungwe au Kyela una siku chache za kuwa na thamani, na kila siku lori likisimama bei inashuka mpaka inafika mahali ambapo dereva anaomba yeyote achukue. Mfanyabiashara mkubwa anageuza lori aende Tunduma au Dar es Salaam. Mama mwenye mikungu kumi hana lori la kugeuza. Upande wa pili, Malawi haina bahari, na sehemu ya mizigo yake inapita bandari ya Dar es Salaam na barabara zetu. Hiyo ndiyo nguvu tuliyokuwa nayo mezani. Lakini nguvu hiyo ni ya serikali, na hasara ya siku zile ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, wa Karonga na wa Kyela, ambao wengi wao ni ndugu na wanasalimiana kwa lugha moja.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema suluhisho la mkulima wetu ni kuacha mazao ya London na kushika ya jirani. Soko la mbali linakuyumbisha kwa bei, la karibu linakuyumbisha kwa tangazo. Kakao ikizuiwa wiki mbili inakaa ghalani na bado ni kakao.

Na yapo matangazo ya mbali yanayogusa jikoni moja kwa moja. Tarehe 28 Aprili 2022 Indonesia, muuzaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya mawese duniani, ilizuia kuyauza nje kwa wiki kadhaa, wakati vita ya Ukraine ilikuwa imeshakata mafuta ya alizeti. Mwenye duka yeyote wa huku anakumbuka bei ya mafuta ya kupikia mwaka ule. Kyela tuna michikichi tangu enzi za mababu, tuna mawese yetu yanayokamuliwa kwa mikono, na bado chupa iliyoko dukani inatoka ng'ambo ya bahari. Hilo linanisumbua kuliko bei ya kakao, kwa sababu kakao hatukuwahi kuila.

Mlango wa Ikombe

Ikombe inafikiwa na haya yote ikiwa upande wa mnunuzi. Watu wengi wanaamini kijijini chakula ni cha bure, kila mtu anakula cha shambani kwake. Si kweli kwa Ikombe, na si kweli kwa wakulima wadogo wengi duniani, ambao katika mwaka mzima wananunua chakula kingi kuliko wanachouza. Kwa nyumba ya namna hiyo, habari kwamba bei ya mchele imepanda haifungui shampeni, inapunguza mlo.

Nyumba hiyo inalipa kwa vitu viwili. Cha kwanza ni samaki. Usipa wakivuliwa wengi wanaanikwa na kuuzwa, na bei yake inategemea wateja wa bondeni wana nini mfukoni. Hapa ndipo kakao inapomfikia mvuvi asiye na mkakao hata mmoja. Cha pili ni vyungu, na mshindani wa chungu ni sufuria ya alumini na ndoo ya plastiki, ambazo nyingi zimetengenezwa viwandani kwa maelfu na hazivunjiki zikianguka kutoka kwenye mtumbwi. Zamani chungu kilibadilishwa kwa nafaka, kwa hiyo nafaka ikipanda, mfinyanzi alikuwa bado anajua chungu chake kina thamani gani kwa chakula. Leo anauza kwa shilingi kisha ananunua kwa shilingi, na kati ya mauzo na manunuzi kila kitu kinaweza kubadilika.

Juu ya hapo kuna petroli. Gunia linalofika Matema kwa gari linamalizia safari kwa boti, na boti yenye injini inakunywa mafuta. EWURA inatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, ikifuata bei ya mafuta duniani na thamani ya dola. Ikipanda, nauli ya boti inapanda mara moja na mchele nao unaongezwa, hata kama uliolimwa Kyela haukutumia tone la petroli shambani. Ikishuka, nauli huwa nzito kidogo kukumbuka. Hilo halihitaji mtaalamu wa uchumi, muulize abiria yeyote wa Matema.

Kwa hiyo baba, jibu la swali lako ni hili. Bei unayotakiwa kuitazama kwanza ni ya mpunga ukiwa unavunwa. Bondeni mavuno huanza karibu na Mei, mvua kubwa zikielekea mwisho, na wiki zile ndizo wakulima wengi wanauza ili walipe madeni; mchele unakuwa rahisi. Unapanda taratibu kadiri ghala zinavyopungua, na miezi ya Januari hadi Machi, wakati mpunga mpya bado uko majini, ndiyo migumu zaidi. Tofauti kati ya Juni na Februari inaweza kuwa kubwa kuliko chochote ambacho London itakufanyia kwenye sahani yako. Vikundi vya wanawake wafinyanzi wenye akiba ya kuweka na kukopa vinaweza kununua mpunga magunia kadhaa kwa pamoja wakati huo, wakauhifadhi na maganda yake pahala pakavu, wakakoboa kidogo kidogo. Usafiri wa boti ukigawanywa kwa magunia kumi unakuwa mdogo kuliko ukilipiwa debe moja moja kila wiki.

Bei za gulio la Lyulilo, Matema, Ipinda na Kyela mjini tunazisoma kila asubuhi baada ya taarifa ya habari, na za mnada wa kakao siku unapofanyika. Mwenye bei ya usipa wa leo atutumie kabla boti haijaondoka.